Redio ya mvua

Mvua za Lubumbashi huanza Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Wingu likipasuka juu ya mitaa ya Katuba au Ruashi, umeme wa shirika la SNEL huwahi kuondoka, na simu nayo huishiwa chaji. Hapo kinachobaki ni redio ndogo.

Lakini ipi? Kuna redio za kigeni zilizoandikwa WB, yaani masafa ya hali ya hewa. Usiongeze hata faranga moja kwa ajili ya alama hiyo. Masafa hayo, megahezi 162.400 hadi 162.550, ni ya matangazo ya Marekani na Kanada. Hapa utasikia mvumo mtupu. Kwetu idara ya hali ya hewa, Mettelsat, ndiyo inayopima anga, na habari zake zinatufikia kupitia stesheni za kawaida za FM, kama RTNC na Radio Okapi. Basi FM isikike vizuri: washa redio palepale sokoni, vuta antena, usikilize kabla ya kulipa.

Mimi ningechagua inayotumia betri za kawaida, zile za kila duka la mtaani. Sola ni nzuri, ila paneli ndogo mgongoni mwa redio huchaji polepole mno chini ya mawingu ya Januari. Mkono wa kuzungusha ili kuchaji unasaidia, ukiwa imara. Mingi ni plastiki tu. Na msimu wa kiangazi ukifika, toa betri ndani, zisije zikavuja.