Adhabu ya Shule na Hasara ya Mwanafunzi



Leo twapenda kunena nanyi juu ya jambo liwahusulo wazazi wengi wa Tanzania, nalo ni shule za watu binafsi zifundishazo kazi za ufundi pasipo idhini ya Serikali, na adhabu zizipatazo. Wako watu ambao, wakisikia shule imefungwa, hudhani ya kuwa Serikali yachukia shule za watu binafsi. Wengine hufurahi na kusema, "Wameyataka wenyewe." Sisi twaona yafaa kulitazama jambo hili polepole, maana katikati yake yuko kijana ambaye hakuvunja sheria yo yote.

Kwanza yapasa kuijua sheria. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 yakataza kuendesha shule isiyosajiliwa. Kisha Sheria Na. 1 ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ijulikanayo kwa jina la VETA. Kwa miaka mingi mamlaka hiyo ilifundisha katika vyuo vyake yenyewe, na papo hapo ikasajili vyuo vya wengine. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na kazi ya kusajili na kusimamia ikatiwa mikononi mwa baraza ambalo sasa laitwa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Jambo hilo lilikuwa la busara, maana si vema mwenye kushindana awe ndiye mwamuzi.

Sasa liko neno moja ambalo wazazi wengi hawalitambui. Kusajiliwa kwa shule ni jambo moja, na kuruhusiwa kufundisha ufundi fulani ni jambo jingine. Shule yaweza kuwa na hati halali ya kufundisha masomo ya sekondari, wala isiwe na ruhusa ya kufundisha umeme wa majumbani. Chuo chaweza kuruhusiwa kufundisha ushonaji, kisiruhusiwe kufundisha ufundi wa magari. Tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza na sekondari kupata mkondo wa amali, jambo hili limezidi uzito, kwa sababu kazi za mikono zimepata heshima mpya, na penye heshima hapakosi wenye kuitafuta kwa njia ya mkato.

Mtu aweza kuuliza, Je, kuna ubaya gani kumfundisha kijana kazi? Ubaya haumo katika kufundisha, bali katika kufundisha pasipo vyombo wala mwalimu aijuaye kazi. Kabla ya kutoa ruhusa, wakaguzi hutazama karakana, zana, sifa za walimu, na mtaala utakaofuatwa. Fundi umeme aliyefundishwa ubaoni tu, asishike waya hata siku moja, huweza kuiteketeza nyumba ya mtu. Fundi wa magari asiyejua breki huhatarisha abiria wasiomjua. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na chombo kilichoundwa vibaya hakizamishi mwundaji peke yake.

Basi adhabu ni ya haki. Shule huweza kuonywa, kuzuiwa isipokee wanafunzi, kufutiwa usajili, na mwenye shule kushtakiwa. Walakini tutazame hasara yamwangukia nani. Mwenye shule hulipa faini, pengine akafungua biashara nyingine mtaa wa pili. Mzazi aliyeuza ng'ombe apate ada harudishiwi ng'ombe wake. Na kijana aliyekaa miaka miwili hubaki na karatasi yenye muhuri mzuri, ambayo mwajiri haikubali wala chuo kingine hakiitambui. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Kwa hiyo twaona ya kuwa adhabu isiyomkumbuka mwanafunzi ni adhabu nusu. Siku ile mlango wa shule ufungwapo, yafaa majina ya wanafunzi yaandikwe, na kila mmoja aonyeshwe chuo halali cha kuhamia. Tena yafaa ujuzi wao upimwe, wasianzishwe upya kana kwamba hawajui kitu. Wala hilo si jambo geni. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao kwa huo seremala au mwashi aliyejifunza kazi mtaani, chini ya fundi mkubwa, hupimwa na kupewa cheti. Ikiwa aliyejifunza chini ya mwembe hupimwa, kwa nini asipimwe yule aliyedanganywa akiwa darasani? Na ada iliyotwaliwa kwa ahadi ya uongo, yafaa mwenye shule airudishe kabla ya kudaiwa faini.

Nanyi wazazi mna wajibu wenu. Msiridhike na rangi ya ukuta wala sare za wanafunzi. Kabla ya kulipa, ombeni kuona hati ya usajili. Kisha ulizeni kama ufundi ule hasa autakao mtoto wenu umeruhusiwa. Linganisheni majibu na orodha ya vyuo vilivyosajiliwa iliyoko NACTVET. Mwisho ingieni karakana, mtazame kama zana zimetumika au zina vumbi. Mwenye shule mwema hataona uchungu kuulizwa. Akikasirika, hasira yake ni jibu tosha.

Nanyi wenye shule, twajua ya kuwa kutimiza masharti kwahitaji fedha na subira. Lakini jina jema la shule halinunuliwi kwa tangazo. Anzeni na ufundi mmoja mlioruhusiwa, mwufundishe vema, kisha mwombe wa pili.

Ufundi ni mali ambayo mwizi hawezi kuiiba. Tusikubali basi iibwe kabla kijana hajaipata. Kwa herini.