Bonde la Swat na Kura ya Mashamba

Mabwana, leo twapenda kuwasimulia habari za Swat, dola ndogo ya Wapashtuni iliyokuwa milimani, kaskazini ya mji wa Peshawar, katika nchi iitwayo sasa Pakistani. Habari yenyewe ni ya mashamba, kwa hiyo twadhani mkulima ataifahamu upesi kuliko karani.

Wapashtuni wa kabila la Yusufzai waliingia bonde hilo katika karne ya 16. Yasemekana mzee wao mmoja, Shaikh Mali, ndiye aliyeweka desturi iitwayo wesh, maana yake ugawaji. Kila mwenye haki alikuwa na fungu lake, lakini fungu hilo halikukaa mahali pamoja. Kila baada ya miaka kadhaa, pengine mitano, pengine kumi au zaidi, kura ilipigwa, na watu wakahama na wake zao, watoto wao na wanyama wao, wakaingia katika nyumba na mashamba waliyoyaacha wenzao. Nia ilikuwa njema: asiwepo mtu wa kushika ardhi yenye rutuba maisha yake yote, na mwenziwe akalima mawe.

Lakini fikirini wenyewe. Nani atapanda mti wa matunda ili mwingine aje achume? Nani atajenga nyumba imara? Tena ugawaji ulileta magomvi, na magomvi yakaleta bunduki.

Mwaka 1915 wazee walimtawaza Sayyid Abdul Jabbar Shah. Mwaka 1917 wakamwondoa, akatawala Miangul Abdul Wadud, mjukuu wa shehe mashuhuri aliyeitwa Saidu Baba. Huyu alikuwa na akili nyingi na mkono mzito. Alijenga maboma, akayaunganisha kwa nyuzi za simu, akawanyang'anya watu silaha. Serikali ya Kiingereza ya India ilimtambua mwaka 1926. Katika miaka hiyo ya 1920 akaikomesha wesh: kila mwenye fungu akapewa shamba lake la daima.

Kwa maoni yetu, jambo hili lilipita maboma yake yote. Walakini wapangaji na mafundi hawakuwa na fungu katika kura. Basi ardhi ilipofungwa, wao walifungiwa nje.

Mwaka 1949 alimwachia kiti mwanawe, Jahan Zeb, mpenda shule. Mwaka 1969 serikali ya Pakistani iliiondoa dola hiyo, na miaka michache baadaye magomvi ya wenye mashamba na wapangaji yakazuka upya.