Saa ya Mezani ya Mwana wa Mhunzi



Saa ya mezani ya Kiingereza ya kale, iliyorekebishwa London ikawa yaenda sawasawa, ikiletwa Meru au Embu na kuwekwa mahali imara, itaanza kuchelewa. Kila siku itapoteza kiasi cha dakika mbili na nusu, na baada ya juma moja itakuwa nyuma kwa zaidi ya robo saa. Mtu ataifungua atazame ndani, asione jino lililovunjika wala kutu. Wengine watasema imechoka kwa uzee. Sivyo, saa ni nzima kabisa.

Mashuhuri kuliko mafundi wote wa saa hizo alikuwa Thomas Tompion, aliyezaliwa mwaka wa 1639 katika jimbo la Bedfordshire. Baba yake alikuwa mhunzi wa kijijini. Katika nchi za Meru, Embu na Mbeere, ambako mhunzi wa zamani alimrithisha mwanawe nyundo na mivukuto, na laana yake iliogopwa na wote, jambo hili halitashangaza watu: aliyezoea chuma moto tangu utoto huijua tabia yake kuliko msomi. Tompion alikwenda London, na mwaka wa 1671 akakubaliwa katika chama cha mafundi wa saa. Mwaka wa 1676 saa zake mbili ziliwekwa Greenwich, katika nyumba ya kupimia nyota, na kila moja iliweza kwenda mwaka mzima kwa kutiwa ufunguo mara moja tu.

Lakini hizo zilikuwa saa kubwa. Saa ya mezani ni ndogo, ina sanduku la mti na mpini juu yake, ili ichukuliwe kutoka sebuleni hata chumba cha kulala. Kando yake mara nyingi kulikuwa na uzi. Mtu aliyeamka gizani aliuvuta, nayo saa ikagonga kengele na kumwambia saa iliyopita, asihangaike kuwasha mshumaa. Katika Uingereza haja hiyo ilikuwa kubwa, kwa maana mchana wa London haufiki saa nane wakati wa baridi kali, na hupita saa kumi na sita wakati wa kiangazi. Mtu wa Meru, aliye karibu na mstari wa ikweta, hupata mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na kivuli cha mti kilimtosha. Ndiyo sababu Mswahili huanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza. Huko London hesabu hiyo ingevurugika kila mwezi.

Ndani ya saa hiyo mna kamani, yaani utepe wa chuma cha pua uliozongwa, ambao hutaka kujinyosha. Kamani iliyojazwa huvuta kwa nguvu, na ikikaribia kwisha huvuta kwa ulegevu. Kwa hiyo mafundi waliifunga kwa uzi au mnyororo kwenye kigurudumu chenye umbo la pia: kamani ikiwa na nguvu huvuta pale pembamba, ikilegea huvuta pale panene, na mwendo ukawa mmoja. Ni ufundi wa kupendeza sana. Tompion alimtengenezea Mfalme William wa Tatu saa ya mezani ya namna hiyo iendayo mwaka mzima, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum tangu mwaka wa 1982.

Kinachohesabu wakati hasa si kamani, bali ni kipande cha madini kinachoning'inia na kuyumba, mfano wa timazi ya mwashi. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyekitia katika saa, mwaka wa 1656. Kabla yake saa nzuri iliweza kukosea robo saa kwa siku moja.

Sasa, timazi huyumba kwa sababu ardhi huivuta. Mwaka wa 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa yake Cayenne, katika Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, akaona inapoteza dakika mbili na nusu kila siku. Alilazimika kuifupisha timazi kwa kiasi kisichofika milimita 3. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya hawakumsadiki. Wakashuku vyombo vyake. Ndipo Isaac Newton, mwaka wa 1687, akaeleza kwamba dunia si mviringo kamili. Imetuna penye ikweta, na kwa kuwa inazunguka, mvuto wa huko ni hafifu kuliko wa Ulaya. Meru na Embu zina sababu ya pili pia: miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na mtu akipanda juu mvuto hupungua tena kidogo.

Basi saa ile haihitaji kubadilishiwa chombo chochote. Chini ya timazi pana skurubu ndogo. Ikiwa timazi ina urefu wa sentimita 25, fundi ataizungusha mpaka uzito upande kiasi cha milimita 1, kisha atangoje siku moja na kuilinganisha na saa ya redio. Akiirudisha London, hapana budi kuishusha tena.