Mshipi Hukatika Penye Mkwaruzo



Sisi wa Masisi na Walikale tuko mbali na bahari. Samaki wetu ni wa mito Oso na Lowa, na wa maziwa ya Mokoto. Leo tuwatazame wavuvi wa Shimoni, pwani ya Kenya, ambako hupita jodari na nduaro, wengine wazito kuliko mtu.

Samaki wa namna hiyo akinasa, mshipi hukatika wapi? Si mahali palipo pazima. Hukatika penye fundo lililofungwa vibaya, au palipokwaruzwa na mwamba jana. Tena hukatika mikononi mwa mwenye pupa, avutaye wakati samaki anapokimbia. Mvuvi mwenye hekima humlegezea, hungoja achoke, ndipo avute. Na kila jioni huupitisha mshipi vidoleni, hukata palipochakaa, hufunga upya.

Ndivyo zilivyo roho zetu. Jaribu kubwa halitoi habari kabla ya kuja. Kinyongo kwa jirani, sala iliyoachwa, uongo mdogo wa sokoni: hiyo ndiyo mikwaruzo. Basi, jioni hii tuzichunguze dhamiri zetu, wala tusikawie kuungama.