Mpinzani Hupangwa Mezani

Bondia chipukizi akitoka ngumi za ridhaa kuingia za kulipwa, jambo la kwanza kubadilika ni namna anavyompata mpinzani. Kwenye ridhaa kuna droo ya mashindano, na kijana hupigana na yeyote aliyemwangukia. Kwenye ngumi za kulipwa droo hakuna. Promota, meneja na mpangaji wa mapambano ndio wanaokubaliana nani apigane na nani, kwa uzito gani, raundi ngapi na kwa fedha kiasi gani. Ile rekodi ambayo mtangazaji huisoma kabla ya kengele, sehemu yake kubwa imekwisha kuandikwa hapo.

Safari huanzia kwenye mapambano ya utangulizi ya raundi 4, za dakika 3 kila moja, watu wengi ukumbini wakiwa bado wanatafuta viti vyao. Akifanya vizuri hupandishwa hadi raundi 6, kisha 8, kisha 10. Ubingwa wa dunia ni raundi 12. Kila ngazi inadai mwili mwingine. Wa raundi 4 anaweza kurusha makonde mwanzo mwisho. Wa raundi 12 sharti ajue kumkumbatia mwenzake anapochoka, kumwegemezea uzito, na kujificha nyuma ya ngumi ya kushoto hadi pumzi irudi.

Wapinzani wa mwanzo huwa ni wakongwe wenye vipigo vingi. Kazi hiyo watu wa ngumi huiita kumtengenezea kijana rekodi, na wengi huisema kwa dharau. Dharau hiyo si haki sana. Mkongwe aliyepigwa mara ishirini anazijua hila nyingi kuliko kijana asiyewahi kupigwa, na raundi 6 naye ni shule. Ubaya huanza pale kijana anapofikisha ushindi wa kumi na tano bila hata mmoja uliomfundisha kitu.

Kuna pia bondia wa upande wa pili: yule anayesafirishwa ili rekodi ya mwenyeji inenepe. Simu kwake mara nyingi huja zikiwa zimebaki wiki chache, naye hulazimika kukata kilo kwa haraka, aonje maji kwa kijiko, ili apande mizani siku moja kabla ya pambano. Hassan Mwakinyo, aliyezaliwa Tanga mwaka 1995, aliingia Birmingham tarehe 8 Septemba 2018 akihesabiwa kuwa mtu wa aina hiyo. Usiku ule mwenye shughuli alikuwa bondia Mwingereza Amir Khan. Mpinzani wa Mwakinyo alikuwa Sam Eggington, bingwa wa zamani wa Ulaya wa uzito wa welter, aliyekuwa anacheza kwao. Raundi ya pili haikwisha. Mwakinyo alimfululizia makonde hadi mwamuzi akaingia kati na kulimaliza pambano. Kwenye orodha ya ubora ya BoxRec, Mtanzania huyo aliruka kutoka nje ya mia moja hadi ndani ya ishirini bora wa uzito wake.

Ushindi mmoja ulimhamisha kiti: sasa yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji, na wengine ndio walioletwa. Machi 2019, Nairobi, alimsimamisha Sergio González wa Argentina katika raundi ya tano. Novemba mwaka huohuo, Dar es Salaam, akapewa Arnel Tinampay wa Ufilipino, mtu ambaye rekodi yake ilikuwa imejaa vipigo. Kwenye karatasi lilikuwa pambano jepesi. Ulingoni Tinampay alisonga mbele raundi baada ya raundi, na ushindi wa pointi aliopewa Mwakinyo ulizua mabishano makali. Wanaosoma hesabu za rekodi bila kuuliza vipigo vilitoka kwa nani na katika nchi gani hukosea mara kwa mara namna hiyo.

Tarehe 3 Septemba 2021 Mwakinyo alimpiga Julius Indongo wa Namibia katika raundi ya nne. Jina lilikuwa kubwa: Indongo aliwahi kushika mikanda ya dunia ya IBF na WBA, akapigana na Mmarekani Terence Crawford mwaka 2017 kuwania mikanda yote minne ya uzito wao. Lakini Crawford alimshinda kwa KO, akapigwa tena na Mmarekani mwingine, Regis Prograis, mwaka uliofuata, na alipofika Dar es Salaam alikuwa na miaka 38. Kumpa kijana jina lililozeeka ni mbinu ya zamani ya mapromota: bango linauza, na hatari imepungua.

Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 3 Septemba 2022, Mwakinyo alirudi Uingereza, safari hii Liverpool, nyumbani kwa Liam Smith, bingwa wa zamani wa WBO wa super welter. Uzito huo kikomo chake ni kilo 69.85. Katika raundi ya nne Mwakinyo alipiga goti na pambano likasimamishwa. Maelezo yake ya baadaye kuhusu viatu na maumivu ya mguu yalipokewa nyumbani kwa kejeli nyingi, ingawa kiatu kibaya si jambo dogo kwa mtu anayeishi kwa kugeuza nyayo.

Januari 2024, Zanzibar, alitwaa mkanda wa WBO wa Afrika kwa kumpiga Elvis Ahorgah wa Ghana. Mkanda wa bara hauleti fedha za ubingwa wa dunia. Faida yake iko kwenye orodha: WBO huwapanga mabondia 15 chini ya kila bingwa wake, na mwenye mkanda wa bara huwa karibu na mlango wa kuingia humo. Bingwa anapotaka kutetea taji kwa hiari yake, huchagua mpinzani kutoka miongoni mwa hao 15.