Mwalimu Arudipo Darasani na Shahada ya Pili

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, ndugu zangu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti:

Nimeombwa nieleze walimu wa sekondari wanafuata nini wanapokwenda kusomea saikolojia ya elimu katika shahada ya pili. Wengi hudhani tunafundishwa kujua mawazo ya watu. Mtaani kwangu hadi leo naletewa walioota ndoto mbaya.

Tunachosoma ni jinsi mtoto anavyokua, anavyojifunza, anavyosahau na anavyopimwa. Jambo lenyewe si geni: William James alianza kuwahutubia walimu wa Marekani juu ya saikolojia mwaka 1892, na mihadhara ile ikatoka kitabu mwaka 1899. Zipo takwimu pia, na hapo sisi walimu wa lugha tulitokwa jasho.

Nichukue somo moja tu, la kusahau. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea katika saa za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Waliorudia kusoma walishinda walipopimwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioshinda ni wale walioweka kifungu kando wakajaribu kuandika walichokumbuka. Wadogo zangu mnaokesha na daftari lile lile, mmesikia? Lifunikeni, mwandike.

Niliporudi kufundisha nilimkuta kijana wa kidato cha pili ambaye walimu walikwisha kumwandika kuwa mvivu, na barua ya kumrudisha nyumbani ilikuwa njiani. Akiulizwa kwa mdomo alijibu vizuri. Akipewa karatasi, alikwama. Nilimsomesha kwa sauti, neno kwa neno, nikiandika kila alipokwama, kisha nikamsomea mimi kifungu cha aina ile ile. Alichosikia alikifahamu chote. Nikapeleka karatasi zile kwa wenzangu. Barua haikutumwa, alipewa wa kumsomea na muda zaidi. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini alimaliza kidato cha nne.

Sasa nije kwenye fedha zetu. Mwalimu akipata shahada hii, mara nyingi huondoka darasani. Wengi niliosoma nao wako maofisini. Siwalaumu, nyumba haijengwi kwa chaki. Lakini kijana kama yule atabaki na nani?

Kwa hiyo napendekeza mfuko wa chama ulipe ada ya mwalimu mmoja wa shule hii, kwa mapatano ya maandishi kwamba akimaliza atafundisha hapa miaka miwili. Asome kwa masafa, kama wanavyofundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1992, ili vipindi vyake visikae wazi. Najua wapo wanaotaka bwalo lipakwe rangi kwanza. Ndugu Mwenyekiti, waruhusu waseme, nami nitawajibu.