HOTUBA YA KATIBU: WAZEE WETU WASIANGUKE



Maneno haya niliyasema mkutanoni mbele ya ghala. Wengi hamkuwapo, mlikuwa mnapalilia, kwa hiyo nayaandika hapa. Mwandiko mnivumilie, kalamu nimeishika ukubwani.

Masika ya mwaka juzi mama yangu mzazi alitoka usiku kwenda chooni. Tope la huku mnalijua. Aliteleza karibu na zizi, akavunjika nyonga. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, na hospitali alilala majuma mengi. Leo anatembea kwa gongo, lakini haendi mbali, anasema anaogopa. Na hapo ndipo penye ubaya, ndugu zangu. Mzee akiogopa kuanguka hukaa kitako mchana kutwa, miguu inalegea, na siku akisimama anaanguka tena.

Tusiseme ni mkosi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu 684,000 hufa kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wale waliopita miaka 60. Katika kila vifo 100, zaidi ya 80 viko katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ndiyo sisi hao.

Basi kuna mazoezi ya Wachina yaitwayo taichi. Asili yake ni mapigano, lakini hufanywa polepole, kama mtu anayenyatia ndege. Wachina si wageni kwetu: tulijenga nao reli ya TAZARA mwaka 1970 hadi 1975, na madaktari wao walianza kuja Unguja mwaka 1964. Huko Marekani, jimbo la Oregon, watafiti walichukua wazee 670 wa miaka 70 na zaidi, waliokwisha kuanguka au wenye shida ya kutembea. Wengine walifundishwa taichi, wengine mazoezi mchanganyiko, wengine kujinyoosha tu. Saa moja, mara mbili kwa juma, majuma 24. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Pale ambapo wale wa kujinyoosha walianguka mara 100, wale wa taichi walianguka kama mara 42.

Hufanywaje? Simama, miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, mgongo wima. Hamisha uzito wote uende mguu wa kushoto, taratibu, mpaka wa kulia uwe mwepesi kabisa. Ndipo uuinue, uuweke mbele, kisigino kwanza, bila kuukanyagia. Halafu uzito uufuate polepole. Mikono iende pamoja na mwili, pumzi usiizuie. Akina mama mnaovuka kijito na ndoo kichwani hili mnalijua zamani: hukanyagi jiwe kabla hujalionja kwa mguu.

Mzee mmoja aliniuliza, "Katibu, mimi nalima tangu utoto, mazoezi ya nini tena?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini mzee wangu, ukilima miguu yote miwili iko chini. Mtu huanguka mguu mmoja ukiwa hewani, na huo mmoja uliobaki ndio tunataka kuufundisha.

Mwenye kizunguzungu, au anayemeza dawa za presha, kwanza amwone mganga wa zahanati. Anayeanza ashike kiti au ukuta, na kijana asimame karibu yake. Halafu vijana, taichi haitaondoa kuni mlizoacha njiani, wala haitawasha tochi usiku. Njia ya chooni isafishwe na kumwagiwa changarawe. Mzee ambaye macho yameingia ukungu apelekwe akapimwe. Na pombe ya jioni, wazee wangu, mimi sisemi, mnajua wenyewe mnavyorudi.

Tutaanza Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni, pale penye sakafu ya ghala, maana ni tambarare. Kila mzee aje na kiti chake na mjukuu mmoja. Mama yangu amekubali kuja, ila amesema atakaa karibu na ukuta.